Palm Tungsten E: betri imechoka, kompyuta haiioni. Nianze wapi kuiokoa?

KaraniWaSteji
Habari za jioni wadau. Mimi ni karani wa steji upande wa Muthurwa. Kila matatu ikijaa na kuondoka naandika namba yake, saa, na pesa ya chama iliyolipwa. Jioni mwenye gari akipiga simu kuuliza gari lake limezunguka mara ngapi, lazima niwe na jibu, la sivyo yeye na makanga wanagombana na mimi niko katikati.

Daftari la karatasi linaharibiwa na mvua. Simu siitoi hapo nje, mnajua wenyewe. Kwa hiyo natumia Palm Tungsten E, kompyuta ndogo ya kiganjani ya kuandikia kwa kalamu, niliyoachiwa na mjomba wangu alipostaafu kazi ya bima. Nimeizoea kabisa. Kalamu yake ipo, skrini haina ufa, na vijana wa kunyakua hawaitaki kwa kuwa hawaijui. Tena hainiletei meseji nikiwa katikati ya kuhesabu.

Shida ni mbili. Naichaji usiku kucha, lakini kufika saa nne asubuhi inaonya kwamba betri inaisha. Halafu kompyuta ya ofisini ni Windows 10, nikiichomeka haioni kitu. Rekodi zote za tangu Januari zimo humo ndani, na ninaogopa. Fundi mmoja anataka nimwachie abadilishe betri, mwingine ameniambia niipeleke makumbusho. Mimi sitaki kuiacha. Nifanye nini kwanza?

FundiLuthuli
Dada, asiifungue mtu yeyote kabla hujatoa rekodi zako. Tungsten E, ile ya 2003, inaweka kila kitu kwenye kumbukumbu inayotegemea umeme wa betri. Betri ikitolewa, au ikiisha kabisa ukaiacha hivyo, ukija kuiwasha inakuwa tupu kama imetoka dukani. Tungsten E2, iliyoifuata 2005, ndiyo iliyowekewa kumbukumbu isiyofutika.

Betri yenyewe inabadilishika. Ni lithiamu ya volti 3.7, imelehemewa kwa waya. Usihangaike kutafuta ya asili. Hata ukiipata kwenye boksi lake, imekaa miaka mingi na imechoka vilevile. Mimi hupima urefu, upana na unene, kisha natafuta betri bapa inayoingia pale, yenye kisaketi chake cha ulinzi. Unene ndio wa kuchunga zaidi. Ikizidi kidogo tu inasukuma skrini kutoka nyuma, na kalamu inaanza kuandika pembeni ya pale ulipogusa. Pitisha kidole mgongoni mwa Palm yako. Ukikuta imefura, usiichaji ukiwa umelala.

Kamau_Eastlands
Si ununue tu simu ndogo ya vibonye? Bei nafuu na chaji inakaa.

MzeeWaBuruburu
Kamau, simu ya vibonye ni nzuri kwa kupiga simu. Kuandika namba za magari kwa kubonyeza kitufe kimoja mara tatu huku makanga wanne wanakuita ni mateso.

Binti yangu, Fundi amesema kweli, rekodi kwanza. Kompyuta ya ofisini achana nayo: Palm Desktop, programu ya Palm ya kompyuta, haikutolewa na draiva ya USB ya Windows za biti 64, na Tungsten E haina Bluetooth. Pitia kwenye kadi.

Juu ya hiyo mashine kuna tundu la kadi ya SD. Tafuta kadi kuukuu ya GB 1 au chini ya hapo. Hizi za GB 32 zinazojaa madukani ni SDHC, Palm yako haitazisoma. Waulize wanaouza kamera za zamani, au upate microSD ndogo ya simu za zamani pamoja na adapta yake. Kadi ifomati (uifute yote) ndani ya Palm yenyewe, kwa programu yake ya Card Info. Kisha ipeleke kwenye kompyuta, tengeneza folda ya PALM, ndani yake folda ya Launcher, na humo uweke NVBackup. Ni programu ya bure ya kunakili yaliyomo kwenye Palm kwenda kwenye kadi. Angalia kwenye PalmDB, hifadhi ya mtandaoni ya programu za Palm. Ukirudisha kadi, programu itajitokeza yenyewe kwenye Palm bila kebo. Nakili kila kitu, halafu rudi kwenye kompyuta uhakikishe kwa macho yako kwamba faili zimo. Baadaye ukipata mtu mwenye kompyuta ya Linux, programu ya J-Pilot itazisoma memo zako na kuzitoa kama maandishi ya kawaida.

Sasa la kwangu. Nilikuwa mpimaji wa ardhi, na mashine niliyoibeba juani Kitengela mpaka leo nampa nayo mjukuu orodha ya sokoni ni Palm IIIxe ya 2000. Haina rangi, na hapo ndipo ilipo faida yake: jua la saa saba likipiga, maandishi yanazidi kuonekana, wakati ya rangi unaizibia kwa kiganja. Inatumia betri mbili za AAA, kila kiosk inazo, na zinakaa wiki kadhaa. Wakati wa kubadilisha, shika mpya mkononi kabla ya kutoa za zamani, kwani ikipita dakika moja hivi bila betri inasahau kila kitu. Ukikutana na moja, inunue iwe ya steji, Tungsten ikae nyumbani. Jioni unazitazamanisha vichwa kwa vichwa, umbali wa shubiri, unachagua Beam Memo na rekodi inahama kwa infraredi. Memo moja ya IIIxe haizidi herufi 4,000 hivi, basi fungua mpya kila siku. Mkono nao utabidi uzoee: kwenye Tungsten herufi i, k na t ni mikwaruzo miwili, kwenye IIIxe ni mmoja tu.

Kalenda za hizi mashine zinaishia 2031. Kwa kazi yako ya memo hilo halina neno.

KaraniWaSteji
Asante sana mzee wangu, na wewe Fundi. Nimepitisha kidole, mgongo uko sawa. Kesho natafuta kadi. Fundi, nikishanakili, betri ikabadilishwa, rekodi zitarudi zote?

FundiLuthuli
Zitarudi. Betri mpya ikiingia, Palm itakuomba uguse alama kwenye skrini ili kalamu ikae sawa, urekebishe saa na tarehe, kisha unachomeka kadi na kurejesha. Njoo na kadi yenyewe, uifungue memo ya Januari hapo hapo mezani kabla hujalipa.