Naomba ushauri: mizigo ya safari ya Kondoa imetushinda

Wakuu, habari za leo. Mimi na marafiki zangu tuko hapa Dodoma mjini, Jumamosi tunakwenda Kondoa kuona michoro ya miambani pale Kolo, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Tumekodi Noah. Viti vinatosha, mizigo ndiyo haiingii.

Jana tulijaribu kupakia, ikawa vurugu mechi. Mmoja kaleta jiko na mtungi mkubwa wa gesi. Mwingine kaja na nusu gunia la mkaa, anasema nyama ya gesi haina ladha. Dada mmoja ana begi zima la viatu vya kisigino, na kule ni kupanda miamba! Tukabana, tukasukuma, mlango wa nyuma ukafunga. Dereva alipowasha tu ukafunguka, sufuria likabingirika barabarani hadi kwenye meza ya mama wa vitumbua. Maji ya kunywa? Hakuna aliyebeba.

Mimi hasa naogopa huo mtungi kukaa ndani ya gari pamoja na watu, na jua letu hili. Mwenye gesi ndiye aliyechangia zaidi, sitaki aone tunamdharau.

Mnaoijua Kolo, chakula kinapatikana jirani tuache majiko yote? Na usiku mwezi huu wa saba, blanketi moja kwa mtu linatosha? Pia nimwambieje huyu wa mtungi bila kugombana?