A104, T5, barabara ya Kondoa: lori langu limelala porini kwa ajili ya namba

Wakuu, salaam. Mods msiupeleke uzi huu jukwaa la magari, gari limeshatengenezwa. Shida ni barabara, au tuseme jina la barabara.

Juzi fuso langu lilikata springi ya nyuma ng'ambo kidogo ya Mayamaya, limebeba alizeti kutoka Kondoa kuja hapa mjini Dodoma. Saa mbili usiku dereva ananipigia, mtandao unakatika katika. Nikawapigia watu wa winchi ambao bima yangu imenifunga nao. Kijana aliyepokea yuko Dar, mbele yake kompyuta ina ramani.

"Bosi, barabara namba ngapi?"

Nikamwambia barabara ya Kondoa.

"Hiyo kwangu haipo. Naona A104."

Haya, A104. Kilomita ngapi kutoka Dodoma? Kama hamsini. Akasema subirini, wanakuja.

Saa sita usiku dereva wa winchi ananipigia akiwa njia ya Iringa, anakaribia Fufu, ananiuliza mbona haoni gari. Fufu! Gari liko kaskazini, yeye anatafuta kusini. Kumbe A104 inaingia Dodoma ikitoka Iringa, halafu inatoka Dodoma kwenda Babati, namba ile ile pande zote mbili. Upande gani, kijana hakuuliza na mimi sikusema. Kosa langu ni hilo, msilirudie kwenye maoni, mama watoto ameshalisema vya kutosha.

Wakageuza. Utingo wangu kalala juu ya magunia akilinda mzigo mpaka alfajiri. Ankara imekuja na kilomita za kwenda Fufu ndani yake. Hapo ndipo damu ilipochemka, nikakaa siku nzima na ramani nijue nani kanipiga.

Nilichokuta: A104 ni namba ya enzi zile sisi na Kenya tulikuwa na mfumo mmoja wa A na B. Ilianzia Tunduma, ikapita Mbeya, Iringa, Dodoma, Babati, Arusha, ikavuka Namanga, ikakatiza Nairobi hadi Malaba. Namba moja, mpaka kwa mpaka. Wazee wakaiita Great North Road, na kwenye mpango wa barabara kuu za Afrika ni kipande cha njia namba 4 ya Cairo hadi Cape Town. Kwa hiyo mjomba pale Chemba anachunga mbuzi kando ya barabara ya Cairo na hana habari.

Halafu sisi tukaja na namba za T, yaani za barabara kuu zetu wenyewe. Ile A104 ikakatwa vipande vitatu: Tunduma mpaka Iringa ikawa T1, Iringa kupitia Dodoma mpaka karibu na Arusha ikawa T5, Arusha mpaka Namanga ikawa T2. Barabara ya Morogoro hadi hapa, ambayo kwenye ramani za zamani ni B129, ikapanda cheo ikawa T3, inakwenda zake mpaka Rusumo. Wakenya nao 2016 wakafuta A104 upande wao: Namanga hadi Nairobi ni A2, Nairobi hadi Malaba ni A8. Maana yake hiyo A104 haina mwenyewe tena, imebaki mzimu kwenye simu na kwenye kompyuta ya yule kijana. Na mzimu huo ndio umenila hela.

Mtasema basi tutumie T5. Sawa, itumie wewe. Simama Veyula, hapo hapo kwenye barabara ya Kondoa, umuulize bodaboda T5 iko wapi, atadhani unatafuta dawa. Hapa kuna barabara ya Arusha, ya Kondoa, ya Iringa, ya Singida, ya Dar, basi. Zamani ilitosha, maana hiyo ya Kondoa ilikuwa vumbi na tope, wengi tukienda Arusha tulizungukia Singida au tulishuka mpaka Chalinze. Lakini Aprili 2018 Magufuli alizindua lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, na ya kwenda Iringa. Tangu hapo ni mkeka, malori ya Zambia na Kenya yanapita hapa kila siku, na bado tunaelekezana kwa "ukishapita mbuyu".

Sasa tunajengewa barabara ya mzunguko, kilomita 112.3, njia nne, Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa, Matumbulu. Safi sana. Mgeni atakayetoka Morogoro akikwepa mjini, kibao kitamwambia achepuke kwenda namba ipi?

Na msiniambie hela ya vibao hakuna. Tozo ya barabara tunalipa ndani ya mafuta kwa sheria ya tangu 1985. Mwaka 2017 walipofuta ile ada ya mwaka ya leseni ya gari tukapiga makofi, kumbe wameihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kila lita. Fuso langu likinguruma tu limeshachangia. Huko Kibaha kwenda Morogoro inapangwa barabara ya haraka ya kulipia, sambamba na T1 ile ile, maana inaanzia Dar. Siku ikifunguliwa nayo ipewe namba yake mapema, maana risiti ikiandikwa T1 na lori limepita T1 ya bure, tutabishana na mabosi mpaka kesho.

Ankara ya Fufu sijailipa na sitailipa. Wananiomba ushahidi kuwa namba yao ni ya zamani. Kwa hiyo naomba jambo moja: mwenye picha ya kibao chochote chenye T5, popote kati ya Veyula na Bonga karibu na Babati, aiweke hapa. Nimeendesha njia hiyo jana kwenda na kurudi, macho yangu hayajaona hata kimoja.