Mvua ikikolea barabara ya mtaa inageuka korongo: tuanze na kifusi au mtaro?

mkazi_iganzo

Wakuu, habari za kazi.

Naomba ushauri wa kitaalamu kuhusu barabara ya mtaa wetu, Iganzo hapa Mbeya. Ni ya udongo, urefu mita 180, na kutoka uzio hadi uzio ni mita 7. Magari yanapita kwenye mita 4.5. Juu mteremko ni wa wastani, katikati kuna kipande cha mita 60 kinachoshuka kwa kasi, chini panatulia halafu maji yanaingia kijito. Hakuna mtaro wa kueleweka. Kuanzia Desemba maji yanajikusanya katikati ya barabara, yanachimba, na kufikia Machi bajaji hazipandi tena. Bomba la maji limebaki wazi sehemu mbili.

Kaya ziko 34. Kuna wanaotaka tuchange tununue kifusi kabla ya mvua, na kuna wanaosema mtaro kwanza. Kwenye mageti watu wamelaza bomba la plastiki la inchi 6 na kufukia juu, wengine wamejaza udongo tu. Wa bondeni nao wanasema tusiwashushie maji. Tuanzie wapi, na vipimo viwe vipi?

---

fundi_mitaro_uyole

Mkuu, mtaro kwanza. Kifusi mkikimwaga leo maji yakiwa bado yanapita katikati, ifikapo Februari kitakuwa kijitoni, na mchango wa pili hakuna atakayeutoa.

Kabla ya kuchimba, pimeni mteremko. Chukueni mpira mwembamba wa kupimia leveli, ule unaoonyesha maji ndani, na vigingi. Kila mita 10 andikeni ardhi imeshuka sentimita ngapi. Ikishuka 40, huo ni mteremko wa sentimita 4 kwa mita. Ikishuka 80, ni 8. Msikadirie kwa macho, mlimani macho yanadanganya sana.

Kwa upana wa mita 7 msichimbe mitaro miwili. Mtapata viwili vyembamba visivyotosha na gari halitapishana na mtu. Chimbeni mmoja upande mmoja, na barabara yote muilaze kuelekea huko: ukingo wa upande wa pili uwe juu kwa sentimita 20 kuliko ukingo wa upande wa mtaro. Hapo maji yanavuka barabara kwa upana wake na kuingia mtaroni kabla hayajapata nguvu. Chagueni upande wenye mageti machache na usio na nguzo za umeme.

Ukubwa: kwa nyumba zenu na viwanja vyake chukulia eneo la hekta moja linalomwaga maji hapo. Mvua kali ya milimita 60 kwa saa, sehemu kama sita ya kumi ikitiririka, inaleta lita 100 kwa sekunde. Bomba la inchi 6 kwenye mteremko wa 8, likiwa safi kabisa, linapitisha lita 50 hivi. Likiingia mfuko mmoja wa plastiki, linapitisha sifuri, na maji yote yanarudi barabarani. Kwa hiyo hayo mabomba ya mageti ndiyo chanzo kikubwa cha korongo lenu. Yang'olewe.

Mtaro uwe na kitako bapa cha sentimita 40, kina 45, kuta zilale kidogo. Usichimbwe kama herufi V. Kitako chembamba kinakusanya maji mahali pamoja, na udongo wetu huu mwepesi wa majivu ya volkano unachimbika upesi sana.

Kipande cha juu chenye mteremko wa 4 kinaweza kubaki cha udongo, ila kiwekewe vizuizi vya mawe kila mita 10. Kila kizuizi kimo sentimita 20, kimezama kwenye kitako sentimita 15 na kwenye kuta zote mbili sentimita 25. Katikati kiwe chini kuliko pembeni kwa sentimita 10, hili ndilo wengi wanakosea. Kikiwa bapa juu, au kimeinuka katikati, maji yanazunguka pembeni na kula ukuta wa mtaro mpaka uzio wa jirani unaning'inia. Upande wa chini wa kizuizi tandikeni mawe nusu mita ili maji yakidondoka yasichimbe shimo. Tope litajaa nyuma ya vizuizi, liacheni, ndilo linalopunguza mteremko.

Zile mita 60 za kati hazina ujanja, zijengwe kwa mawe na saruji. Unene sentimita 20. Hesabu yake: kitako 40 na kuta mbili za 50 ni mita 1.4, mara unene 0.2, ni mita za ujazo 0.28 kwa kila mita ya mtaro. Kwa mita 60 ni karibu 17. Mawe yaliyomwagwa yana nafasi katikati, hivyo agizeni mita za ujazo 20 au 21. Saruji mifuko 40 ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 6. Resho ni moja kwa nne: mfuko mmoja wa saruji na ndoo 7 za mchanga za lita 20, zikiwa zimekwanguliwa juu, siyo za kilima.

Mambo mawili yasisahaulike hapo. La kwanza, kila mita 10 chimbeni mfereji wa kukata mtaro, kina sentimita 30 chini ya kitako, mjaze mawe na saruji. Bila huo, maji yakipata ufa mmoja yanapita chini ya mawe, na siku moja kipande kizima kinazama. La pili, mdomo wa mtaro upande wa barabara uwe chini ya uso wa barabara kwa sentimita 3 hadi 5. Mafundi wengi wanapenda kuuinua ili upendeze. Ukiinuka, maji ya barabarani hayaingii, yanatembea nje ya mtaro yakichimba ubavuni, na mawe yote yanabaki yamesimama kama ukuta katikati ya korongo.

Uso wa mawe usipigwe lipu laini. Ukwaruzo wake unapunguza kasi.

---

nzovwe_juu

Kama pesa ya mawe bado haijapatikana, viroba vya mchanga vinasaidia kwa msimu mmoja. Mnapanga kama kozi za tofali, mnashindilia, maji yanatulia.

---

fundi_mitaro_uyole

@nzovwe_juu sawa kwa dharura, lakini viroba vya mchanga mtupu jua linavila, baada ya miezi michache vinachanika na mchanga unaziba mtaro. Ongeza saruji: sehemu moja kwa kumi za mchanga wenye udongo kidogo, changanya vikavu, jaza robo tatu ya kiroba, kilaze mahali pake, kigonge kiwe bapa, kisha kimwagie maji. Kiroba kikioza, ndani limebaki jiwe. Usikijaze mpaka pomoni, kitakuwa duara na hakitashikana na mwenzake.

---

kihesa_mawe

Kutoka Iringa. Huku granaiti ipo tele na mitaro ya mawe tunaijenga sana, na mara nyingi kinachoiharibu ni vivuko vya magetini. Nyongeza yangu iko hapo.

Badala ya bomba, tumieni mifuniko ya zege inayonyanyuka. Juu mtaro wenu utakuwa wazi sentimita 80 hivi, basi mfuniko uwe mrefu mita 1.2 ili kila upande ulale sentimita 20 juu ya ukuta wa mawe. Upana sentimita 50, unene 15. Zege resho ya moja, mbili, nne (saruji, mchanga, kokoto). Nondo za milimita 12 ziende urefu wa mfuniko, kila sentimita 15, na za kukatisha kila sentimita 20, zote zikae sentimita 3 kutoka upande wa CHINI. Wekeni vipande vidogo vya zege chini ya nondo wakati wa kumwaga, la sivyo zinazama hadi kwenye mbao au zinabaki katikati ambako hazina kazi.

Mfuniko mmoja una uzito wa zaidi ya kilo 200. Wekeni vishikio viwili vya nondo vilivyopindwa, watu wanne wenye mitaimbo wataunyanyua. Geti la mita 3 linahitaji mifuniko 6. Na siku ya kumwaga, andikeni JUU kwenye zege bichi kwa msumari. Mfuniko ukigeuzwa, nondo zinakuwa upande usiofanya kazi na gari la kwanza la kokoto linaupasua katikati.

Kama mnamwagia Juni au Julai, baridi ya huku kwetu nyanda za juu inachelewesha saruji kukaza. Funikeni kwa magunia yaliyoloa siku 7, na gari lisipite mpaka zitimie 28. Kwenye baridi usiamini wiki mbili.

---

mkazi_iganzo

Asanteni sana wakuu, hii ndiyo tuliyohitaji. Maswali matatu. Tunahitaji kibali kwa ajili ya kazi kama hii? Bomba la maji lililo wazi tulifukie wenyewe? Na mtaro ukishakamilika, changarawe ya aina gani, kiasi gani?

---

karani_wa_kata

Kibali ni lazima. Tangu 2017 barabara za mitaa zinasimamiwa na TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), na mkichimba bila kuwashirikisha mnaweza kuambiwa mfukie.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Mwenyekiti wa mtaa aitishe mkutano, mkubaliane kazi, kiasi cha mchango na kamati ndogo yenye mhasibu asiye ndugu wa mwenyekiti wa kamati. Muhtasari uandikwe, orodha ya mahudhurio yenye saini iambatishwe. Barua iende kwa meneja wa TARURA wa wilaya kupitia mtendaji wa mtaa na mtendaji wa kata, nakala kwa diwani. Ambatisheni vipimo vya mteremko mlivyochukua na picha za Machi, siyo za Agosti, kwa sababu Agosti barabara inaonekana haina tatizo. Kwenye barua msiombe "msaada wa barabara". Ombeni vitu viwili: fundi sanifu aje kuonyesha njia ya mtaro na mahali pa kutolea maji, na greda au usimamizi wa kulaza barabara. Semeni mnachotoa ninyi: mawe, nguvu kazi, mchanga. Ombi lenye mchango wa wananchi ni rahisi kujadiliwa kwenye kamati ya maendeleo ya kata. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo maombi ya kuingizwa bajeti ijayo yafike ofisini kufikia Oktoba hivi.

Wa bondeni wawepo kwenye mkutano huo huo, na mdomo wa mtaro kijitoni uamuliwe wakiwepo. Hapo chini maji yanapungua kasi na kuacha mchanga, hivyo mtaro usipungue upana hata sentimita moja, na unapotokea tandikeni mawe mita 3. Msijaze wala kujenga kitu kingine ukingoni: sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka mtoni.

Bomba msiliguse. Toeni taarifa mamlaka ya maji walishushe, maana likifukiwa juu juu litapasuliwa na sululu siku ya kuchimba. Na kwenye nguzo ya umeme mtaro usogee, msichimbe mguuni pake.

---

fundi_mitaro_uyole

Changarawe: mita 180 mara 4.5 mara unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 81 zikiwa zimeshindiliwa. Ikiwa bado haijashindiliwa agizeni 105. Tipa lipimeni bodi lake wenyewe, urefu mara upana mara kimo, kabla halijamwaga. Neno "tripu" halina kipimo.

Kujua ubora, loweka kiganja kimoja, kamua. Ikishikana na kuacha doa mkononi, ina udongo wa kuifunga. Ikimwagika kama mchele, itatawanywa na matairi. Vipande vya matofali ya kuchoma msivikubali hata vya bure: yale yasiyoiva vizuri yanakuwa tope mvua ya pili. Mwagieni maji na kushindilia kabla mvua hazijaanza, Oktoba ni mwezi mzuri.

---

bustani_ilemi

Jamani msisahau mapaa. Bati la mita za mraba 120 kwenye mvua ya milimita 30 linamwaga lita 3,600. Nyumba 34 za namna hiyo ni zaidi ya lita 120,000 zinazoteremkia barabara hiyo hiyo. Kila kaya ikifunga gata na simtanki, kilele cha maji kinapungua na mtaro unapumua.

Asiye na simtanki achimbe shimo la mita 1 kwa mita 1, kina mita 1.5, alijaze mawe. Linabeba lita 600 kwa mkupuo, mengine yananyonywa taratibu. Liwe mita 5 kutoka msingi na uzio, na lisichimbwe juu ya kingo iliyokatwa wima, maji yataisukuma iporomoke.

Kingo za mtaro wa juu pandeni nyasi za vetiva mara mvua za Desemba zikishika, mche kwa mche sentimita 10 hadi 15, majani yakatwe yabaki 20. Mabingobingo msipande karibu, yanaanguka ndani na kukamata taka. Na ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ya usafi, mtaro ufunguliwe mifuniko yote, tope litolewe na lipakiwe siku hiyo hiyo. Likiachwa ukingoni, mvua ya kwanza inalirudisha ndani.