Fulana za sufu ya merino zinatoboka mabegani: tatizo ni kitambaa au matumizi?

MpandaKibo
Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wanaojua nguo za mlimani. Nina fulana mbili za ndani za mikono mirefu, merino asilimia 100, gramu 150 kwa mita ya mraba. Zimetumika njia ya Machame, Kilimanjaro, Juni hadi Oktoba tu, na zote zina vitundu: mabegani pale mkanda wa begi unapokaa, na mbele karibu na kitovu. Mabegani kitambaa kimekonda, ukikielekeza kwenye mwanga unaona vidole. Zinafuliwa kwa sabuni ya unga na kuanikwa juani. Je, gramu ngapi zinamfaa anayebeba mzigo kila wiki? Zenye nailoni zinadumu kweli? Na vitundu hivi vinashonwaje bila kuongezeka?

Barafu4673
Mkuu, vitundu vya mabegani na vya kitovuni vina sababu tofauti.

Mabegani ni msuguano. Unyuzi wa merino una unene wa maikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 17 hadi 19 hivi, ndiyo maana hauwashi. Wembamba huohuo ndio unaoufanya ukatike upesi. Sufu ikilowa inapungua nguvu, na chini ya mkanda wa begi jasho halikauki. Ongeza vumbi la kuanzia kambi ya Shira kwenda juu: ni mawe ya volkano yaliyosagika, yana makali, yanaingia kwenye kitambaa na kukaa humo. Kila hatua mkanda unasogea kidogo na kusaga.

Kitovuni ni kifungo cha suruali upande mmoja na bizimu ya mkanda wa kiuno wa begi upande wa pili, fulana imebanwa katikati. Hapo vitundu ni vidogo kama kichwa cha pini na kitambaa kinachovizunguka bado kizima. Chomekea fulana ndani ya suruali, vitundu vipya vitakoma.

Kwa mwenye mzigo, 150 tupu ni nyepesi mno. Chukua 180 hadi 200 yenye nailoni asilimia 10 hadi 15. Ya 250 ni nzuri ya kulalia na ya usiku wa kileleni, lakini msituni, siku ya kwanza kutoka getini, utailowesha jasho na haitakauka kabla jua halijazama.

FundiUzi
Kuhusu nailoni: asilimia peke yake haitoshi, uliza imewekwaje. Kuna zilizochanganywa tu, na kuna ambazo nailoni imepita katikati ya uzi na merino imezungushwa juu yake. Hizi za pili ndizo imara. Hata ikisagika mabegani miaka miwili, merino inaisha lakini nailoni inabaki, kitambaa kinaonekana kama chujio la chai na bado hakijatoboka. Ukiona hivyo jua joto limepungua sehemu hiyo, na muda wa kiraka umefika.

MzigoKilo20
Mimi natofautiana kidogo. Mpagazi mwenye mzigo wa kilo 20 kichwani na begi lake mgongoni asimalizie merino kwenye njia. Kutoka getini hadi kambi ya Barafu vaa poliesta: bei ni ndogo, inakauka haraka na inavumilia mikanda. Inanuka, ni kweli, siku ya pili tu. Merino ikae kavu kwenye mfuko wa plastiki, itoke kambini jioni, kwa kulala, na usiku wa kupanda kutoka Barafu mita 4,673 hadi kilele cha Uhuru mita 5,895. Usiku ule begi ni jepesi na jasho si jingi. Fulana moja ikitumiwa hivi itakupitisha misimu kadhaa.

Anayenunua mitumba pale soko la Memorial, Moshi: nyoosha mabega na makwapa kuelekea mwanga kabla ya kuuliza bei. Kitambaa kikiwa kigumu, kinene na huoni vitanzi vya ufumaji, kilishaharibiwa na maji ya moto, kiache. Kama lebo imekatwa, chomoa uzi kwenye mshono wa ndani uuchome. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika. Poliesta inayeyuka na kuwa kidonge kigumu.

MpandaKibo
Shukrani sana. Na sabuni?

Barafu4673
Hapo umeongeza tatizo, ndugu yangu. Sufu ni protini kama nywele. Sabuni nyingi za unga zina vimeng'enya vya kula madoa ya damu na mayai, ambayo nayo ni protini vilevile, kwa hiyo vinakula na fulana. Sabuni ya mche nayo ni kali. Jiki usiisogeze kabisa, inayeyusha sufu. Tumia shampuu, kijiko kimoja cha chakula kwa ndoo ya lita 10, maji baridi au yasiyozidi nyuzi 30. Loweka dakika 10, bonyezabonyeza bila kusugua wala kukamua kwa kusokota, suuza mara mbili vumbi litoke. Viringisha ndani ya taulo, ukanyage, kisha uilaze kivulini. Ukiitundika ikiwa mbichi inarefuka kwa uzito wa maji, na jua kali linadhoofisha nyuzi. Usiikaushe jirani na jiko la kambini.

FundiUzi
Ushonaji. Kitundu kisichozidi milimita 3: sindano nyembamba ya ncha butu na uzi mmoja wa poliesta. Zunguka ukidaka vitanzi vilivyokatika, kimoja baada ya kingine, vuta taratibu mpaka mdomo ufumbe, funga fundo kwa ndani. Kitanzi ukikiruka, mstari utafumuka kuelekea chini. Shona kabla ya kufua, maana kufua ndiko kunakokuza kitundu.

Bega lililokonda halifumwi, linawekewa kiraka. Kata kipande cha merino chakavu, kona ziwe za mviringo, kivuke sehemu iliyokonda sentimita 2 kila upande mpaka ushike kitambaa kizima. Kiweke ndani, shona kwa zigizaga na sindano ya cherehani ya ncha ya mviringo, namba 75. Mshono ulionyooka utakatika siku ya kwanza ukivaa begi, kwa sababu kitambaa kinavutika na wenyewe hauvutiki.

Masika mnapopumzika, Aprili na Mei, zihifadhi zikiwa safi na kavu kabisa kwenye mfuko uliofungwa. Mabuu ya nondo yanapenda sufu yenye jasho. Tundu lake utalijua: linatokea popote, na kitambaa kando yake hakijakonda. Ukiliona, ifunge fulana kwenye plastiki, iweke kwenye friza siku nne, na usiufungue mfuko mpaka ubaridi uishe.