Iringa: makumbusho na majengo ya kale yaliyo nje ya katikati ya mji

Mwalimu wa Uyole
Habari za leo, ndugu zangu. Ninafundisha Historia hapa Mbeya, na likizo ijayo ninakusudia kuja Iringa kwa siku mbili pamoja na wadogo zangu wanaosoma sekondari. Boma la Wajerumani lililo mjini, ambalo tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa, ninalifahamu na tutaanzia hapo. Ninachoomba kwa wenyeji ni ushauri kuhusu yaliyo pembezoni. Je, Kalenga inastahili nusu siku nzima, ilhali nimeambiwa kwamba makumbusho yake ni chumba kidogo tu? Na mtu anayependa majengo ya kale aelekee wapi?

Mkazi wa Kihesa
Kamwene, Mwalimu. Aliyekuambia hivyo amesema kweli kuhusu chumba, lakini ameliacha jambo lenyewe. Kalenga, tunayoiita leo pembezoni, ndiyo iliyokuwa Iringa ya Mtwa Mkwawa, yaani mtawala wa Wahehe, mji wenye ngome, hadi Wajerumani walipoupiga kwa mizinga na kuuteka tarehe 30 Oktoba 1894; mji huu wa mlimani tunaokaa sisi waliuanzisha wao baadaye, mwaka 1896. Kwa hiyo mkitoka Boma na kuteremka hadi Kalenga, kama kilomita 15, mtakuwa mnaifuata historia kwa kurudi nyuma, na mimi naona hiyo ndiyo namna bora ya kuwafundisha vijana.

Ningekushauri msikimbilie kuingia ndani. Mwombeni mhifadhi awaonyeshe kwanza masalia ya ukuta wa ngome, ambayo ni machache na yanahitaji mtu wa kuyaeleza, kisha ndipo muingie kwenye mikuki, ngao na kile kisanduku cha kioo chenye fuvu. Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe, na kichwa chake kikakatwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliitaka Ujerumani irudishe fuvu lake, lakini halikurudi hadi Juni 1954, Gavana Edward Twining alipolikabidhi hapohapo Kalenga baada ya kulitafuta katika makumbusho ya Bremen. Waacheni vijana wasimame mbele ya kioo kile kwa utulivu, wala msiwaharakishe. Nje kuna makaburi ya mwanawe, Chifu Sapi, na ya mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, aliyekuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi.

Fundi Mwashi, Ipogolo
Ninaunga mkono, ila kwa upande wa majengo ningeongeza Tosamaganga, ambako si mbali na Kalenga. Ni misheni ya Kikatoliki iliyo juu ya kilima, ambayo Wamisionari wa Consolata kutoka Italia waliichukua baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na ukiingia kwa barabara yenye mikaratusi utaona mapaa ya vigae vyekundu na kanisa kubwa lililowahi kuwa kanisa kuu la jimbo. Waelezeni vijana kwamba Wahehe wenyewe walijenga tembe, nyumba ndefu ya fito na udongo yenye paa bapa la udongo, iliyozunguka ua. Mtu akiwa na picha hiyo akilini, mapaa yale yenye mwinuko yatamwonyesha wazi jinsi ujenzi wa nyanda hizi ulivyobadilika. Kwa kuwa ni mahali pa ibada na pana hospitali, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha.

Dada wa Mafinga
Mwalimu, kwa kuwa unatokea Mbeya, usiipite Isimila, iliyo kandokando ya barabara kuu takribani kilomita 20 kabla ya kufika Iringa. Kuna makumbusho madogo yenye zana za mawe, na bondeni kuna nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua. Shukeni hapo asubuhi, jua halijawa kali.

Mwalimu wa Uyole
Asanteni sana. Basi siku ya kwanza itakuwa Isimila na Boma, ya pili Kalenga na Tosamaganga. Je, Mlambalasi inaweza kuingia humo?

Mkazi wa Kihesa
Hapana, Mwalimu. Mlambalasi, alikofia Mkwawa na kuliko na kaburi lake, ni kama kilomita 50 kutoka mjini kwa barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, kwa hiyo itengeeni siku yake.