Naomba ushauri: wazazi hawataki mabinti walale kambini

Ndugu zangu, habari za majukumu. Mimi ni kiongozi wa kujitolea wa kundi la skauti hapa Tanga, tunakutana Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa shule ya msingi. Tumepanga kambi ya usiku mmoja karibu na mapango ya Amboni, na hapo ndipo tulipokwama.

Wavulana wote wameruhusiwa. Mabinti karibu wote wamekataliwa, na siwalaumu wazazi, maana viongozi tuliobaki ni wanaume pekee. Dada aliyekuwa nasi ameolewa akahamia Muheza. Nimewafuata akina mama wawili watatu mtaani, wakaniuliza wanalipwa shilingi ngapi. Nikisema ni kujitolea, mazungumzo yanaishia hapo.

Kinachoniuma ni kwamba mabinti hao ndio wanaoongoza vizuri. Tangu kambi ya Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, kwenye kisiwa cha Brownsea kule Uingereza mwaka 1907, skauti hujifunza katika vikundi vidogo, mtoto akiongoza wenzake. Msichana wangu mmoja anafundisha kufunga mafundo ya kamba vizuri kuliko mimi (na skafu yake haijawahi kupinda). Kumwacha nyumbani naona ni dhuluma.

Kambi ya mchana tu naiona haitoshi. Kupika na kulinda moto usiku ndiyo shule yenyewe.

Waliowahi kuongoza makundi, mlimpataje mama wa kujitolea akadumu? Walimu wa kike wastaafu wanakubali? Na mzazi mwenye wasiwasi, mliongea naye vipi? Nauliza pia kama kuna aliyewaalika wazazi wenyewe walale kambini.