Robert Rich wa Oscar alikuwa nani, na Dalton Trumbo alilipwaje wakati wa marufuku?

mwanaskripti
Wakuu, salaam. Tuzo ya Oscar ya hadithi bora ya filamu kwa mwaka 1956 ilikwenda kwa *The Brave One*. Orodha za zamani zinamtaja Robert Rich, za sasa zinamtaja Dalton Trumbo, mwandishi wa skripti za Hollywood. Inasemwa Trumbo alifungwa kwa ukomunisti na serikali ikamkataza kuandika. Sasa, kama serikali ilikataza, maprodyuza walinunuaje kazi yake bila kushitakiwa? Pesa zilimfikiaje? Na nani hasa aliivunja marufuku, mwigizaji na prodyuza Kirk Douglas au mwongozaji Otto Preminger? Kila makala inasema lake.

Kalamu_Nzito
Mkuu, tuanze na hilo la serikali, maana limewapotosha wengi. Hakuna sheria iliyomkataza Trumbo kuandika, wala hakufungwa kwa ukomunisti. Chama cha Kikomunisti kilikuwa halali alipojiunga mwaka 1943.

Oktoba 1947 aliitwa Washington mbele ya HUAC, kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyokuwa ikisaka "maadui wa Marekani" ndani ya Hollywood. Akaulizwa kama ni Mkomunisti au aliwahi kuwa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Yeye na wenzake tisa walisimamia Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yale ya uhuru wa kusema, wakidai kamati haina mamlaka ya kumuuliza raia imani yake ya kisiasa. Wangeweza kujificha nyuma ya Marekebisho ya Tano, yanayomlinda mtu asijitie hatiani kwa kinywa chake, lakini hapo wangeonekana wanakiri kwamba kuna jinai. Walichagua njia ngumu, na kwangu ndiyo ya heshima.

Walitegemea Mahakama ya Juu iwaokoe. Mwaka 1949 majaji wawili waliokuwa watetezi wakubwa wa uhuru wa raia, Murphy na Rutledge, wakafariki ndani ya miezi michache. Aprili 1950 mahakama ikakataa kusikiliza rufaa. Kosa lililompeleka Trumbo jela ni kulidharau Bunge: mwaka mmoja na faini ya dola 1,000. Alikaa miezi kumi hivi katika gereza la shirikisho la Ashland, Kentucky.

Marufuku yenyewe ni kitu kingine kabisa. Novemba 1947 wakubwa wa studio walikutana katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, wakakubaliana kutowaajiri wale kumi mpaka wasafishwe na mahakama au waape kwamba si Wakomunisti. Ni mapatano ya waajiri. Aliyenunua skripti kwa Trumbo hakuvunja sheria yoyote. Alichohofia ni filamu kususiwa, American Legion (chama cha wanajeshi wastaafu) kuandamana nje ya majumba ya sinema, na studio nyingine kumtenga. Kwa hiyo aliyekubali kununua kwa siri alinunua, na kwa bei ya kutupa.

Bi_Mkasi
Naongezea kwenye pesa, maana hapo ndipo ukatili wa mpango ule unaonekana.

Kabla ya 1947 mkataba wa Trumbo na studio ya MGM ulimlipa dola 3,000 kwa wiki, au dola 75,000 kwa skripti moja. Baada ya kufukuzwa, ndugu wa familia ya King, maprodyuza wa filamu za bei nafuu, walimpa dola 3,750 kwa *Gun Crazy*. Hiyo ni sehemu moja ya ishirini, kwa mwandishi yuleyule. Ili familia yake ipate kula, ilibidi aandike haraka na aandike nyingi.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuazima jina la mtu halisi. *Gun Crazy* ilibeba jina la Millard Kaufman, na *Roman Holiday* ya 1953 jina la rafiki yake Ian McLellan Hunter. Mwenye jina ilimpasa awe mwandishi kweli, kwa sababu studio ingemwita kikaoni na kumwambia abadilishe onyesho la pili au afupishe mazungumzo. Asiyejua kuandika angeumbuka siku hiyohiyo. Hundi nayo inaandikwa kwa jina lake, na kodi ya mapato inamwangukia yeye, kwa hiyo lazima mkubaliane mapema nani anabeba kodi. Wengine walidai asilimia yao. Hunter alifikisha pesa kwa Trumbo. *Roman Holiday* ikashinda Oscar ya hadithi, na Hunter ndiye aliyetangazwa mshindi.

Njia ya pili ni jina la bandia. Hapo hakuna wa kugawana naye, lakini pia hakuna uso wa kupeleka kikaoni, kwa hiyo inafaa tu kwa prodyuza anayejua siri. Robert Rich lilikuwa la aina hiyo, ingawa ndugu wa King walikuwa na mpwa mwenye jina hilohilo. Usiku wa tuzo, Machi 1957, Jesse Lasky Jr. alipokea kwa niaba yake akieleza kwamba Rich yuko hospitalini, mkewe anajifungua. Chama cha waandishi kilipopekua daftari zake, hakikumkuta mwanachama wa jina hilo.

Mwaka huohuo Michael Wilson, mwandishi mwingine aliyepigwa marufuku, alitendewa vibaya zaidi. *Friendly Persuasion* ilitoka bila jina la mwandishi yeyote, kisha Akademi, inayotoa Oscar, ikaweka kanuni ya kuwanyima tuzo Wakomunisti na waliokataa kuijibu kamati, naye akaondolewa kwenye mashindano. Trumbo alipenya kwa sababu tu hakujulikana.

Projekta_ya_Zamani
Kuhusu Douglas na Preminger, tazama tarehe. Akademi ilifuta ile kanuni Januari 1959, na Trumbo akakiri hadharani kwamba ndiye Rich. Miaka miwili alikuwa akiwajibu waandishi wa habari bila kukana wala kukubali, mpaka kila filamu nzuri ikaanza kushukiwa kuwa yake. Kwangu huo ndio ulikuwa ushindi mkubwa, kwa sababu marufuku iligeuka kichekesho kabla mtu mwingine hajajitokeza kuivunja. Januari 1960 Preminger akatangaza kwamba Trumbo ndiye mwandishi wa *Exodus*. *Spartacus* ya Douglas, ambayo Trumbo aliiandika kwa jina la Sam Jackson, ilitangulia kuonyeshwa Oktoba 1960 ikiwa na jina lake halisi. *Exodus* ikafuata Desemba. Kwa hiyo Preminger alitangulia kutangaza, Douglas alitangulia kuonyesha.

mwanaskripti
Nimeelewa, asanteni sana. Je, waigizaji nao waliweza kufanya kazi kwa mlango wa nyuma?

Bi_Mkasi
Hapana, ndugu yangu. Skripti inaweza kubeba jina la mtu mwingine, uso hauwezi. Mwongozaji pia lazima aonekane na watu wote wa seti. Wengi wa hao walihamia jukwaani au Ulaya, wengine wakaacha kazi kabisa.

Na unapopekua majina ya filamu za 1948 hadi 1960, usiamini toleo la zamani peke yake. Trumbo alikabidhiwa sanamu ya *The Brave One* mwaka 1975, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Ile ya *Roman Holiday* alipewa mjane wake, Cleo, mwaka 1993, na chama cha waandishi kilirudisha jina lake kwenye filamu hiyo mwaka 2011.